Tovuti ya mfanyabiashara mdogo haihitaji mbwembwe

JUMATATU ya Oktoba 4, 2021, majira ya saa 12:40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, mitandao ya Facebook, Instagram na WhatsApp ilizimika kwa wakati mmoja duniani kote. Ilirejea baada ya takriban saa sita, usiku wa manane ukiwa umekwisha kupita.

Kampuni inayoimiliki mitandao hiyo ilieleza baadaye kuwa chanzo kilikuwa kosa lililotokea wakati wa kubadilisha mipangilio ya mitambo inayounganisha vituo vyake vya data. Kwa watumiaji wengi, ilikuwa jioni ya kukosa soga tu. Kwa mfanyabiashara ambaye picha za bidhaa zake, bei zake na mawasiliano na wateja wake vyote vilikuwa ndani ya mitandao hiyo mitatu, ilikuwa sawa na kukuta duka limefungwa kwa kufuli ambalo yeye hana ufunguo wake.

Wafanyabiashara wadogo wengi nchini Tanzania, kuanzia wauza nguo wa Kariakoo hadi mafundi samani wa Keko jijini Dar es Salaam, wameingia katika biashara ya intaneti kupitia mitandao ya kijamii. Mlango huo ni mzuri. Hauna kiingilio na wateja wamo. Tatizo lake ni kwamba ni mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

Dawa yake si kuihama mitandao hiyo. Dawa ni kuwa na tovuti ndogo, nyepesi na iliyosajiliwa kwa jina la mwenye biashara, kisha matangazo mengine yote yakaelekezwa huko. Wengi huliogopa jambo hilo kwa kudhani ni kazi ya kampuni kubwa zenye fedha nyingi. Ukweli ni kwamba tovuti inayomfaa fundi samani au mwenye nyumba ya wageni inaweza kuwa ya ukurasa mmoja tu, mradi ukurasa huo ujibu yale ambayo mteja anataka kuyajua.

Kujenga kwenye kiwanja cha kupanga

Mwenye ukurasa katika mtandao wa kijamii ni mpangaji. Mwenye mtandao ndiye anayeamua nani aone tangazo lipi, akaunti ipi ifungwe na huduma ipi iendelee. Mpangaji hupewa taarifa, tena wakati mwingine baada ya uamuzi kupita.

Mifano ipo. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga huduma ya GeoCities, ambako watu wengi duniani walikuwa wamejijengea kurasa bila malipo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2019 kampuni ya Google iliufunga mtandao wake wa kijamii wa Google+ kwa watumiaji wa kawaida.

Mfano unaowagusa zaidi wafanyabiashara wadogo ni wa Machi 2024. Google ilikuwa imewapa wafanyabiashara nafasi ya kutengeneza tovuti rahisi za bure kutokana na taarifa walizojaza kwa ajili ya ramani yake. Mwezi huo ilizizima zote. Kwa miezi michache waliofungua anwani hizo walipelekwa kwenye ukurasa wa ramani wa biashara husika, na kuanzia Juni 2024 anwani zenyewe zikaacha kufanya kazi.

Yule aliyekuwa amechapisha anwani hiyo kwenye kadi, kwenye risiti na ubavuni mwa gari lake alilazimika kuanza upya. Yule aliyekuwa na jina lake mwenyewe alihitaji kubadilisha mahali jina hilo linapoelekea, na wateja wake hawakupaswa kujua kwamba kuna lililotokea.

Somo la miaka ya nyuma

Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti ya nchi za Afrika Mashariki yalitegemea zaidi setilaiti, ambazo zilikuwa za gharama kubwa na kasi ndogo. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi, ukifuatiwa na mkongo wa EASSy mwaka 2010. Bei ilianza kushuka na kasi ikapanda.

Tovuti nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa lengo la kushangaza. Mgeni alipokelewa na picha zinazocheza, muziki unaoanza wenyewe na kihesabio cha idadi ya wageni, kisha akatakiwa kubofya mahali ili aingie ndani. Mara nyingi mapambo hayo yalitengenezwa kwa teknolojia ya Flash.

Desemba 31, 2020, kampuni ya Adobe iliacha rasmi kuihudumia Flash, na vivinjari vikubwa vikaacha kuionyesha. Tovuti zilizotegemea mapambo hayo zilibaki na masanduku matupu. Kurasa za maandishi ya kawaida zilizoandikwa miaka ya 1990 bado zinafunguka hadi leo katika simu yoyote. Katika kazi hii, kilicho rahisi ndicho kinachodumu.

Maswali manne ya mteja

Mteja anayefungua tovuti ya biashara ya mtaani haji kuburudika. Ana haja, ana simu mkononi na ana haraka. Kwa kawaida huja na maswali manne: Mnauza nini? Bei gani? Mko wapi na mnafungua saa ngapi? Nitawapataje?

Chukua mfano wa fundi samani wa Keko. Jibu la swali la kwanza linapaswa kuonekana juu kabisa ya ukurasa, kabla mteja hajashusha kidole: vitanda, makabati, milango na meza za chakula, vinavyotengenezwa kwa mbao za mninga na mkongo, Keko, Dar es Salaam. Sentensi ya namna hiyo ina thamani kuliko maneno ya jumla kama "karibuni katika ulimwengu wa ubora", ambayo yanaweza kuandikwa na muuza viatu, daktari wa meno au shule ya udereva.

Swali la bei ndilo linalokwepwa zaidi. Katika mitandao ya kijamii imekuwa desturi mteja kuuliza bei hadharani na kujibiwa "njoo inboksi". Wapo wanaoenda. Wapo pia, na hawajulikani idadi yao, wanaopita kimya na kwenda kwa mwingine aliyeandika bei.

Fundi anaweza kujitetea kwamba bei hubadilika kulingana na mbao, vipimo na nakshi, na utetezi huo ni wa kweli. Hata hivyo, anaweza kuandika bei ya kuanzia na kueleza inahusisha nini: kitanda cha futi 5 kwa 6, mbao ya mninga, bila godoro, pamoja na kupigwa msasa na vanishi. Kisha aweke tarehe ambayo bei hizo zilihakikiwa. Mteja atajua kama yumo ndani ya uwezo wake, na fundi hatapoteza muda kujibu simu za watu ambao bajeti yao haifiki.

Swali la mahali linahitaji uangalifu kwa sababu wateja wengi hawaelekezwi kwa namba ya nyumba. Ukurasa utaje mtaa, kituo cha daladala kilicho karibu na alama inayofahamika, kisha uweke kiungo cha ramani. Siku na saa za kazi ziandikwe, zikiwamo Jumapili na sikukuu. Mteja aliyetoka Mbagala na kukuta pamefungwa ni vigumu kumrudisha.

Swali la nne hujibiwa kwa namba ya simu iliyotengenezwa kama kiungo, ili mteja akiigusa simu ianze kupiga bila yeye kunakili tarakimu. Vivyo hivyo kwa WhatsApp, ambapo kiungo cha wa.me hufuatiwa na namba kamili inayoanza na 255, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Kosa dogo katika namba hiyo hufanya kitufe kisifanye kazi, na mwenye biashara huenda asijue kwa miezi mingi. Kila aliyetengenezewa tovuti anapaswa kubofya vitufe vyake vyote kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kulipa fedha ya mwisho.

Uzito wa ukurasa ni gharama ya mteja

Tovuti ya biashara ya mtaani hufunguliwa zaidi kwa simu, tena mara nyingi kwa kifurushi cha intaneti kinachohesabiwa. Kwa hiyo, uzito wa ukurasa si suala la mafundi peke yao. Ni fedha inayotoka mfukoni mwa mteja.

Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Fundi akiweka picha 12 kama zilivyo, ukurasa wake utakuwa na megabaiti 48. Kwa mtandao wenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ukurasa huo utachukua zaidi ya dakika tatu kukamilika. Ni wachache watakaousubiri.

Picha hizohizo zikipunguzwa vipimo na kubanwa hadi kilobaiti 150 kila moja, zote 12 zitakuwa na uzito wa megabaiti 1.8, na kwa kasi ileile zitafunguka kwa takriban sekunde saba. Kwenye kioo cha simu, jicho la kawaida halitaona tofauti kubwa. Kazi ya kuzibana hufanywa kwa programu za bure na huchukua dakika chache.

Umuhimu wa wepesi ulionekana pia Mei 12, 2024, wakati mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu na huduma za intaneti zikazorota nchini Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hizo ukurasa mwepesi una nafasi ya kufunguka, ilhali ule mzito hauna.

Aidha, ukurasa unapaswa kujipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo. Mbinu hiyo ilipewa jina na kuenezwa na mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, mwaka 2010, na sasa imo katika violezo vingi vya kutengenezea tovuti. Tangu Aprili 2015, Google imekuwa ikizingatia kama ukurasa unasomeka vizuri kwenye simu inapopanga majibu kwa wanaotafuta kwa simu. Mwenye tovuti inayomlazimu msomaji kupanua maandishi kwa vidole viwili hupoteza mara mbili: kwa mteja na kwa mtambo wa kutafuta.

Maneno ya mteja, si ya muuzaji

Mtambo wa kutafuta hulinganisha maneno aliyoandika mteja na maneno yaliyomo kwenye kurasa. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi hujificha bila kukusudia. Fundi huandika "tunatoa suluhisho za samani za kisasa", wakati mteja ameandika "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei".

Njia rahisi ya kuyapata maneno sahihi ni kufungua ujumbe wa wateja wa miezi iliyopita na kuangalia walivyouliza. Maneno hayo ndiyo yanayopaswa kuonekana katika kichwa cha ukurasa, katika vichwa vidogo na katika maelezo ya picha. Kurundika neno moja mara 40 hakusaidii, na mitambo ya siku hizi hukuhesabu kuwa ni udanganyifu.

Lugha nayo huchaguliwa kwa kumwangalia mteja. Fundi wa Keko anayewauzia wakazi wa Temeke na Kinondoni hana sababu ya kuandika kwa Kiingereza cha kuazima. Mwenye nyumba ya wageni huko Jambiani, Zanzibar, anahitaji Kiingereza, na pengine Kiitaliano au Kijerumani, lakini asiisahau familia ya Dar es Salaam inayopanga kwenda kupumzika wakati wa sikukuu.

Lipo pia kosa la kuweka kila kitu ndani ya picha. Bango zuri lenye bei na namba ya simu, likibandikwa kama picha tupu, linaweza lisisomwe ipasavyo na mtambo wa kutafuta, halisomwi na programu zinazowasaidia wasioona, na mteja hawezi kunakili namba iliyomo. Maandishi yabaki kuwa maandishi.

Jina liwe la mwenye mali

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mwenye biashara hukabidhi kazi kwa kijana anayejua kompyuta, naye husajili jina la tovuti kwa barua pepe yake mwenyewe, hulipia kwa akaunti yake na hubaki na maneno ya siri. Miaka miwili baadaye kijana amehama mji au wamekosana. Jina linafikia mwisho wa muda wake, halilipiwi, na mwingine anaweza kulichukua.

Kwa Tanzania, majina yanayoishia na .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Awali kazi hiyo ilifanywa na taasisi ya tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006. Biashara hutumia zaidi .co.tz, na ipo pia .hotel.tz kwa ajili ya hoteli. Nchini Kenya majina ya .co.ke husimamiwa na KeNIC. Mwombaji hununua jina kupitia mawakala walioidhinishwa na hulipia kila kipindi kinapokwisha.

Jambo la msingi ni kwamba fomu ya usajili iwe na jina la mwenye biashara, barua pepe yake na simu yake. Fundi wa tovuti apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe umiliki. Tarehe ya kulipia upya iandikwe kwenye kalenda kama inavyoandikwa tarehe ya leseni ya biashara.

Mambo manne yanapaswa kukabidhiwa kwa maandishi kazi inapokwisha: akaunti ya jina la tovuti, akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti, neno la siri la kuingilia katika tovuti yenyewe, na nakala ya kurasa na picha zote. Asiyekabidhiwa manne hayo hajapewa mali. Amekodishwa bila kujua.

Jina hilo pia huleta anwani ya barua pepe ya biashara. Bei iliyotumwa kwa shule au kwa ofisi kutoka katika anwani yenye jina la karakana hupokewa kwa uzito kuliko ile iliyotoka katika anwani ya bure yenye lakabu ya ujanani.

Kuhusu kutengeneza, njia ni nyingi. Programu ya WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, hupatikana bure na hutumiwa na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Faida yake ni kwamba mwenye biashara anaweza kubadilisha bei mwenyewe. Gharama yake ni kwamba inahitaji kusasishwa mara kwa mara, la sivyo wadukuzi huingia kupitia mianya ya matoleo ya zamani. Kwa asiyebadilisha taarifa zaidi ya mara chache kwa mwaka, ukurasa wa kawaida usio na programu nyuma yake ni mwepesi zaidi na ni mgumu kudukuliwa.

Tovuti iwe pia na usimbaji wa mawasiliano, ule unaoonekana kwa anwani kuanza na https. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome kimekuwa kikiziwekea tovuti zisizo na usimbaji huo alama ya kuwa si salama. Vyeti vya usimbaji hutolewa bila malipo na taasisi ya Let's Encrypt tangu mwaka 2015. Fundi anayedai fedha nyingi kwa kipengele hicho pekee anapaswa kuulizwa maswali.

Wateja watajuaje?

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika intaneti methali hiyo inahitaji nyongeza: kizuri kisichoonekana hakiuziki. Tovuti iliyokamilika bila mtu kuelekezwa ni sawa na duka lililofunguliwa katikati ya pori.

Hatua ya kwanza haina gharama. Ni kuiandikisha biashara katika ramani ya Google, kuthibitisha umiliki kwa njia watakayoelekezwa, kisha kujaza saa za kazi, simu, picha halisi na anwani ya tovuti. Mtu akiandika "fundi samani Keko", ramani hiyo mara nyingi hutokea juu ya majibu mengine. Jina, simu na mahali viandikwe kwa namna moja kila sehemu, kwa kuwa tofauti huwachanganya wateja na mitambo pia.

Hatua ya pili ni maoni ya wateja. Mteja aliyeridhika aombwe kuandika neno siku anapopokea kitanda chake, si mwaka unaofuata. Malalamiko yajibiwe kwa adabu na kwa maelezo ya kilichofanyika. Kununua maoni ya uongo ni kosa kwa mujibu wa kanuni za mitandao hiyo na huweza kusababisha akaunti kufungiwa.

Hatua ya tatu ni kuitumia mitandao ya kijamii kama mpiga debe. Picha mpya huwekwa Instagram, video ya kazi ikiendelea huwekwa TikTok, taarifa huwekwa kwenye hali ya WhatsApp, na zote zinaelekeza kwenye tovuti, ambako bei na maelezo kamili yako. Mpiga debe akiugua, gari lenyewe lipo.

Hatua ya nne iko nje ya intaneti. Anwani fupi ya tovuti iandikwe kwenye kibao cha karakana, kwenye risiti, kwenye fulana za mafundi na nyuma ya kitanda chenyewe. Mgeni anayekisifia kitanda nyumbani kwa rafiki yake ataipata anwani hapohapo.

Matangazo ya kulipia yaje mwisho, baada ya ukurasa kuwa sawa. Kulipia watu waje kwenye ukurasa usio na bei wala simu ni kununua hasara. Anayeanza atenge kiasi kidogo, achague eneo analoweza kulihudumia, na alinganishe fedha iliyotoka na oda zilizoingia.

Kipimo hakihitaji mtambo. Daftari linatosha. Kila mteja mpya aulizwe alikotusikia, na jibu liandikwe: ramani, Instagram, tovuti, kibao au rafiki. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litaonyesha fedha iende wapi.

Hesabu ya kamisheni

Kwa wenye nyumba za wageni, tovuti ina hesabu yake ya pekee. Mitandao mikubwa ya kimataifa ya kuuzia vyumba hutoza kamisheni ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 15 ya bei ya chumba, na wakati mwingine zaidi.

Tuseme chumba cha Jambiani kinauzwa shilingi 80,000 kwa usiku. Kwa asilimia 15, kamisheni ni shilingi 12,000. Vyumba vikiuzwa kwa njia hiyo kwa siku-vyumba 300 kwa mwaka, kamisheni inafikia shilingi milioni 3.6. Theluthi moja tu ya wageni hao wakiweka nafasi moja kwa moja, shilingi milioni 1.2 hubaki nyumbani kila mwaka.

Hii si hoja ya kuisusa mitandao hiyo, kwani ndiyo inayomleta mgeni wa Milan au Berlin ambaye hajawahi kusikia jina la kijiji. Lakini wapo wageni ambao huliona jina huko kisha hulitafuta peke yake ili kujiridhisha. Wasipoikuta tovuti, hurudi walikotoka. Wakiikuta, yenye picha halisi, bei na namba ya WhatsApp inayojibiwa, baadhi watapiga hodi moja kwa moja. Hali kadhalika mgeni anayerudi mara ya pili hana sababu ya kupitia kwa dalali.

Uaminifu na sheria

Utapeli umewafanya wateja kuwa waoga, na wana haki ya kuogopa. Matapeli huchukua picha za bidhaa za watu wengine, hudai malipo ya awali na kutoweka. Mfanyabiashara mkweli anapaswa kujitofautisha kwa mambo ambayo tapeli hawezi kuyaonyesha kwa urahisi: picha ya karakana yake na kibao chake, jina lililosajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na Lipa Namba inayotokeza jina la biashara hilohilo mteja anapotaka kulipa.

Masharti ya malipo ya awali yaandikwe wazi: kiasi gani hutangulizwa, kazi huchukua siku ngapi, na mteja hufanyiwa nini ikichelewa. Aya moja ya namna hiyo huondoa ugomvi mwingi.

Mwenye tovuti akumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ambayo iliunda Tume ya kuisimamia. Jina na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi. Anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda na kuzitumia kwa lengo alilolieleza, na mteja ana haki ya kukataa zisitumike kumtumia matangazo. Njia salama kwa biashara ndogo ni kutokusanya kisichohitajika. Fomu inayouliza umri, dini na makazi ya mtu anayetaka meza ya chakula haina kazi zaidi ya kumfukuza.

Si kila biashara, wala si kila dawa

Tovuti haitibu kila kitu. Mama lishe ambaye wateja wake wote hutoka katika jengo la jirani atanufaika zaidi kwa namba ya WhatsApp na orodha ya vyakula vya siku. Fundi anayechelewesha kazi atakachokipata kwa tovuti ni walalamikaji wengi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Simu isiyopokelewa haiwi nzuri kwa kuandikwa mahali pazuri.

Lakini kwa biashara ambayo mteja wake huuliza kwanza ndipo aje, kama vile samani, vyumba vya kulala, mapambo ya harusi, ufundi wa magari au kozi za ushonaji, kutokuwa na mahali pa kudumu pa kupatikana ni hasara ya kila siku isiyoonekana katika daftari.

Mpangilio wa kuanza unaweza kukamilika ndani ya mwezi mmoja. Wiki ya kwanza, jina lisajiliwe kwa jina la mwenye mali. Wiki ya pili, majibu ya maswali manne yaandikwe kwenye karatasi kwa Kiswahili cha kawaida, na picha 12 nzuri zipigwe mchana kweupe. Wiki ya tatu, ukurasa utengenezwe, ubanwe uzito na ujaribiwe kwa simu ya bei ya chini. Wiki ya nne, ramani ijazwe, kibao kipakwe rangi upya kikiwa na anwani mpya, na daftari la wateja lifunguliwe. Kuanzia hapo kazi inayobaki ni moja: kila mwezi, bei na namba ya simu zihakikiwe kuwa bado ni za kweli.